Koti la Butoyi

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, saa tatu asubuhi, jua limeshatoka, nikiwa sijagusa hata tone la pombe ya ndizi. Nimeanza na saa kwa sababu najua utakachouliza. Watu wakisikia kisa cha namna hii hutaka kujua kama ulikuwa usiku, na kama msimulizi alikuwa anatoka kilabuni. Haukuwa usiku. Shahidi ninaye, yuko hai Kibimba, na ukitaka nitakupeleka umuulize mwenyewe.

Mimi ni bwana shamba katika wilaya ya Ngara. Kazi yangu ni kuzunguka vijijini nikiwaeleza wakulima mambo ya migomba, kahawa na maharage, na kueleza jambo lile lile mara kumi hakunichoshi. Nyumbani kwangu ni Ntobeye, na huko, Jumapili baada ya ibada, huwa naandika hadithi. Kazi hiyo hainiletei mshahara. Ni kitu ninachokipenda tu. Naandika kwenye simu, sehemu moja kila wiki, kisha nawatumia wasomaji kwa wasapu.

Ngoja nieleze vizuri ninavyotuma, maana kisa chote kimekaa hapo. Wenzangu wengi wanaoandika wana makundi, wanatupia hadithi humo kisha wanaenda zao. Mimi sina kundi. Namtumia kila msomaji peke yake, jina kwa jina, na kila anayenijibu namjibu kabla sijaandika sehemu inayofuata. Jumapili yote huishia hapo. Mke wangu husema, "Baba Neema, hao watu wangekuwa mbuzi, leo ungekuwa tajiri." Nacheka. Lakini nakuambia kweli, sijui fahari nyingine inayofanana na ile ya kujua kwamba mtu aliye mbali ameacha shughuli zake akasoma ulichokiandika.

Nilikuwa na Bi Zuwena wa Biharamulo mjini, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazee wake walitoka pwani zamani. Yeye alisoma kwa sauti dukani, wateja wakisikiliza, na hukumu yake ilikuwa ya jaji. Nilikuwa na mzee mmoja mkulima wa Nyantakara, ambaye kila akisifu hadithi aliniuliza papo hapo kuhusu muhogo wake. Na nilikuwa na mapacha wawili kutoka ng'ambo ya mpaka, Burundi, Bukuru na Butoyi. Kwa Warundi hayo ndiyo majina ya mapacha: Bukuru ndiye wa kwanza kutoka, Butoyi anamfuata.

Sikuwahi kuonana nao. Namba yangu waliipata kwa muuza mbegu katika soko la mpakani, walikokuja kuuza maparachichi. Mwanzo nilimtumia Bukuru peke yake, nikijua wanaishi nyumba moja. Butoyi akaniandikia siku hiyo hiyo: "Mwalimu, cha kaka kije kwa kaka, changu kije kwangu." Nikamwambia hadithi ni ile ile. Akajibu, "Najua. Nataka changu." Toka hapo nikawa namtumia yake, na yeye ndiye akawa wa kwanza kujibu kila wiki, akiwa na lalamiko lake dogo na kicheko kirefu.

Kisha mambo yakaharibika kwao, watu wakaanza kukimbia tena kuja upande wetu. Sisi wa Ngara tuliwaona wakipita na magodoro kichwani, kama tulivyowaona wengine tulipokuwa wadogo. Mapacha wangu wakanyamaza. Niliendelea kuwatumia. Kwenye simu kila ujumbe wao ulibaki na tiki moja, maana yake umetoka kwangu lakini haujafika. Ukifika, tiki zinakuwa mbili, na mtu akiusoma zinageuka bluu. Wiki nne nilitazama tiki moja moja kwa majina yote mawili.

Jumapili moja tiki za Bukuru zikawa mbili, kisha zikageuka bluu, zote kwa mpigo. Akaniandikia kwamba amevuka na sasa yuko katika kituo cha kupokelea wakimbizi hapa hapa Ngara, anangoja basi la kwenda kambini upande wa Kibondo. Nilifurahi mno. Nikamuuliza, "Na mdogo wako?" Hakujibu. Sikumbana. Mtu aliyetoka kwenye taabu humvuti ulimi.

Sasa nikuambie kosa langu. Hadithi niliyokuwa naandika miezi ile ilihusu wavulana wawili mapacha wachunga ng'ombe. Nilipofika sehemu ya tisa, baba yao anakaribia kufa, na anamwita mkubwa na kumvisha koti lake. Mdogo nikamwacha amesimama mlangoni, mikono mitupu, mvua inanyesha. Nikaishia hapo. Niliiona tamu kwelikweli.

Bi Zuwena alinitumia sauti kabla ya saa sita mchana. "Mwandishi, mkubwa kavaa koti. Na huyu mwenziwe umemwacha na baridi? Mapacha hao, bwana. Wateja wangu wamekasirika, mmoja kaondoka hata kitambaa hajanunua." Nikamjibu kwa utaratibu wangu wa ualimu, kwamba hadithi lazima iwe na uonevu kidogo ili msomaji atamani kuendelea. Nilijiona fundi.

Lakini mimi nilipaswa kujua. Huku kwetu ukimnunulia pacha mmoja shati, unanunua mawili. Mama yangu mzazi alizaliwa pacha, mwenzake akafariki angali mchanga, na hata uzeeni, akipewa kitenge, alikata kipande kidogo pembeni akakiweka kwenye sanduku. Cha mwenzangu, alisema. Mimi niliyekua nikiliona sanduku hilo, niliandika koti moja kwa mapacha wawili.

Bukuru naye alijibu. Maneno manne tu: "Nimesoma, mwalimu. Sitasoma tena." Nikamwandikia, "Vumilia ndugu, sehemu ya kumi itakufurahisha," nikaweka na alama ya kicheko. Naona aibu mpaka leo kuhusu ile alama.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa Kibimba, katika shamba la mjane mmoja tunayemwita Mama Edina. Nilikuwa nawafundisha wakulima kuondoa ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda badala ya panga, kwa sababu panga hubeba ugonjwa wa mnyauko kutoka shina hadi shina. Ulikuwa ukungu ule wa asubuhi wa kiangazi, unaokaa mabondeni mpaka jua lipate nguvu. Ardhi kavu, majani yanakwaruza. Mvua hatukuiona zaidi ya mwezi.

Kijana mmoja akatokea katikati ya migomba. Amelowa toka kichwani hadi miguuni, shati limemganda mwilini.

"Shikamoo, bwana shamba."

"Marahaba. Karibu kwenye somo."

"Sikujia migomba. Mimi ni msomaji wako."

Wewe ungefanyaje? Utasema ungemuuliza kwa nini amelowa wakati wa kiangazi. Niamini, usingemuuliza. Kama umewahi kuandika kitu, na mtu akakufuata mpaka shambani mbele ya wakulima ishirini akasema ni msomaji wako, macho yako hayaoni tena nguo. Kifua kilinijaa. Nikawatazama wakulima kuhakikisha wamesikia.

"Msomaji yupi?" nikauliza.

"Butoyi. Yule anayetaka chake."

Nilicheka kwa furaha, nikamshika mkono kwa mikono yote miwili. Ulikuwa wa baridi kama kata ya maji. "Ndugu yangu, kumbe upo. Kaka yako yuko kituoni, unajua?"

"Najua. Simwachi."

"Basi nikimaliza hapa panda pikipiki yangu, nikupeleke."

"Njia yangu siyo hiyo," akasema, akaketi juu ya jiwe. "Nimekuja kwa sehemu ya tisa. Kaka hali chakula, leo siku ya nne. Na basi lao linaondoka kesho kutwa. Amesema hapandi."

"Kwa sababu ya hadithi?"

"Tulikuwa na koti moja, mwalimu. Tulipofika mtoni, Ruvubu, nililivua nikampa, nikamwambia alishike, mimi narudi kuchukua mzigo wa mama. Halafu wewe ukaandika koti. Anasema hata mwalimu wa Ntobeye amejua kwamba alichukua koti akamwacha mdogo na baridi."

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Sikuwa nimejua lolote kuhusu koti lao. Nililitunga nikiwa nimekaa kwangu, nikimenya viazi. "Mimi sikumwandika yeye," nikasema.

"Mimi najua. Yeye hajui."

"Nenda ukamwambie mwenyewe kwamba ulilitoa kwa hiari."

"Mimi hanisikii," akasema. "Wewe anakusoma."

Nikadhani wamegombana, kama ndugu wanavyogombana. Nikamwambia sawa, Jumapili nitaandika sehemu nzuri.

"Jumapili ni mbali kwa mtu asiyekula."

Basi nikamkabidhi Mama Edina kijiti, aendeleze somo, maana alikuwa amelishika kuliko hata mimi. Nikakaa kwenye kisiki karibu na lile jiwe, nikatoa simu, nikaanza kuandika. Maishani mwangu sijawahi kuandika huku msomaji ameketi pembeni, na huyu hakuwa msomaji wa kunyamaza.

"Mdogo apewe koti lake," alisema. "La kijivu, mifuko miwili. Lisiwe kubwa. Lile la kaka linamfika magotini, anaonekana kama padri."

"Atalipata wapi? Baba ameshakufa."

"Wewe ndiye mwandishi, mimi nifanyeje?"

Nikaandika kwamba baba alikuwa na makoti mawili, moja aliliweka darini siku nyingi, na alikufa kabla hajasema. Butoyi akatikisa kichwa kukubali. Nikaandika mdogo anapanda darini, analishusha koti, analivaa.

"Sasa aende safari yake," akasema. "Akiwa amevaa. Na amwambie kaka kwamba la kwake ni la kwake, hakumnyang'anya mtu. Wasivae kwa zamu."

"Na kaka amfuate?"

"Asimfuate." Alisema hilo polepole. "Kaka ale. Ugali, ndizi, chochote. Kisha aende anakokwenda."

Nikaandika hivyo. Sehemu ile ya kumi ilitoka fupi kuliko zote, na nadhani ndiyo sehemu safi kuliko zote nilizowahi kuandika, kwa sababu hakuna neno nililoliweka ili nisifiwe.

Mama Edina alikuwa amechoma ndizi kwa ajili ya washiriki. Akatuletea moja, moto, inatoa moshi. Butoyi akaipokea, akaivunja katikati, akaviweka vipande sambamba kwenye goti na kuvipima kwa kidole, kama fundi anavyopima mbao. Kimoja kilizidi kidogo. Akakipunguza ncha, akairudisha ncha kwangu. "Hii yako," akasema, akacheka. Kisha akaomba karatasi. Nikachana ukurasa wa daftari langu la mahudhurio, ule wa asubuhi hiyo, wenye majina ya wakulima na mchoro wangu wa kijiti chenye panda. Akafunga kipande kimoja humo. Kingine akakishika mkononi.

Mtandao pale ni wa shida, lazima upande kidogo hadi kwenye tenki la maji. Nikapanda. Nikamtumia Bukuru kwanza, kisha yeye Butoyi, kila mmoja yake, kama desturi. Ya Bukuru ikawa na tiki mbili. Ya Butoyi ikabaki na tiki moja.

"Simu yako imezimwa," nikamwambia kutoka juu.

"Iko majini," akajibu. "Tuma tu, nitaisoma njiani."

Nikaendelea kuwatumia wengine, Bi Zuwena, mzee wa Nyantakara, wote. Nilipogeuka, hakuna mtu. Niliporudi, jiwe alilokalia lilikuwa jeusi kwa maji, na juu yake kuna nusu ya ndizi, haijang'atwa, imepoa, imelowa kana kwamba imetolewa kwenye ndoo. Mama Edina akaja akasimama nami.

"Yule mgeni wako aliyelowa amekwenda wapi?" akauliza. "Nilitaka kumpa shuka ajifute."

Unaona? Yeye ndiye shahidi wangu. Alimwona, na alimwona amelowa, jambo ambalo mimi kwa kujisikia kwangu nilikuwa sijalifikiria hata mara moja.

Nikamaliza somo, nikapanda pikipiki, nikafika kituoni saa saba mchana. Mlinzi alinifahamu, nilishawahi kuwasaidia na bustani za mboga. Akanielekeza kwenye turubai la tatu. Na pale mlangoni, ameketi kwenye dumu la maji, nikamwona Butoyi. Sura ile ile, kidevu kile kile, ila sasa mkavu, na amevaa koti linalomfika magotini.

"Kumbe umetangulia," nikamwambia. "Ungeningoja, tungekuja wote."

Akanitazama. "Nimetangulia wapi, baba? Wewe ni nani?"

Mama mmoja aliyekuwa anapembua maharage karibu naye, jina lake Mama Ciza, akasimama, akanivuta pembeni kwa mkono wa shati. Nikamweleza mimi ni nani, na kwamba asubuhi nimeonana na Butoyi.

"Huyo ni Bukuru," akasema. "Mwenzake tulimzika. Pale pale mtoni, upande wetu wa Burundi, kabla hatujavuka. Alirudi kuchukua mzigo ulioangukia majini, maji yakamzidi. Mimi mwenyewe nilishika jembe, baba. Sasa usimwambie huyu maneno ya kumchanganya. Leo ndiyo amekula."

Niliketi chini, kwenye vumbi, na kofia yangu ya kazi kichwani. Nilikuwa nimemshika yule mtu mkono kwa mikono yote miwili.

"Amekula saa ngapi?" nikauliza.

"Saa nne hivi. Alisoma kitu kwenye simu, akalia sana, tukajua amezidiwa. Kisha tukamkuta anakula ndizi ya kuchoma. Baadaye akaomba uji."

Saa nne. Mimi saa nne nilikuwa bado kwenye tenki la maji Kibimba, na kutoka Kibimba hadi pale ni mwendo wa saa nzima na zaidi kwa pikipiki.

Nikarudi kwa Bukuru, nikamwambia jina langu. Akainuka, akanishika. Kisha nikamuuliza ndizi ameipata wapi.

"Si ulinitumia wewe?" akasema. "Niliinua macho kutoka kwenye simu nikaikuta hapa pajani, bado ya moto. Karatasi ni ya bwana shamba, kuna na majina ya watu wako." Akaingiza mkono katika mfuko wa koti, akanipa karatasi iliyokunjwa. Majina ya wakulima wa Kibimba. Mchoro wa kijiti chenye panda. Karatasi ilikuwa imelowa upande mmoja.

Ningemwambia? Nilimtazama Mama Ciza, naye akatikisa kichwa kukataa. Lakini mimi nimezoea kuwajibu wasomaji wangu kwa ukweli. Nikamwambia yote, polepole, kama ninavyokueleza wewe. Nilipofika kwenye mifuko miwili na rangi ya kijivu, Bukuru alifumba macho.

"Alisemaje kuhusu langu?"

"Kwamba linakufika magotini, unaonekana kama padri."

Hapo Bukuru akacheka, na machozi yanamtoka. Mama Ciza naye akacheka, akiwa ameshika mdomo. "Ni yeye," Bukuru akasema. "Hilo ni lake kabisa. Alinitania hivyo siku zote."

Kesho kutwa yake alipanda basi. Nilikwenda kumsindikiza. Amevaa koti lake, ameketi dirishani, na kiti cha pembeni amekiwekea mfuko wake ili mtu asikae mpaka basi lijae.

Miaka imepita. Bukuru bado ni msomaji wangu. Kule kambini huwasomea majirani zake kila Jumapili, nao hunitumia salamu kwa jina, na mimi huwajibu kwa jina. Ile karatasi ninayo, nimeihifadhi katika Biblia. Wino umefutika upande mmoja, lakini mchoro unaonekana. Namba ya Butoyi sijaifuta. Kila wiki namtumia yake, kwa sababu alisema anataka yake, na kila wiki inabaki tiki moja. Ukipekua mazungumzo yetu utaona tiki moja, tiki moja, tiki moja, tangu siku waliponyamaza mpaka juzi. Isipokuwa sehemu ya kumi. Hiyo ina tiki mbili, za bluu. Nimewaonyesha wengi. Bi Zuwena alikuja kutoka Biharamulo kwa ajili ya kuziona tu, akatazama, akanirudishia simu. "Nilikwambia mapacha hao," akasema.

Sijawahi kupata tuzo, na jina langu hulijui. Lakini yupo mtu aliyekula kwa sababu ya ukurasa nilioandika juu ya kisiki, na yupo mwingine aliyetoka mbali kuliko msomaji yeyote unayemjua, kuja kuniambia nimekosea. Natembea nao wote wawili, na kichwa changu kiko juu.

Kwa hiyo nawe unayeandika, hata kama ni kwenye simu, hata kama wasomaji wako ni watano, andika kwa moyo, unaweza. Ila sikiliza. Ukiandika mapacha, wagawie sawa. Msomaji akikujibu maneno manne tu, usimrushie alama ya kicheko, muulize ana nini. Na siku moja mtu akikujia mchana kweupe, amelowa na mvua haijanyesha, akisema amesoma kazi yako, usijitazame wewe. Mtafutie karatasi, kisha umuulize ni nani uliyemwacha mlangoni.